Nimeachiwa nyumba Kibada mwezi wa saba: naweza kuitembeza familia Dar kutokea huko, au nihamie mjini?

#1 MzeeWaUyole
Wakuu salaam. Mwezi wa saba nashuka Dar na familia: mke, watoto wawili (darasa la sita na la pili) na mama mkwe. Shemeji anasafiri, kaniachia nyumba yake Kibada, Kigamboni. Kuna uzio, kuna miembe, kuna kisima, na usiku anasema wanaopiga kelele ni vyura tu. Kodi silipi hata senti.

Shida imeanzia kazini. Jamaa mmoja aliyesoma Dar kanichana mbele za watu: "Ukilala Kibada hujafika Dar, umefika Kigamboni." Anataka nichukue gesti Kariakoo au Posta, la sivyo watoto watarudi Mbeya wanasimulia foleni tu. Mimi naona kulala Kariakoo na mtoto wa darasa la pili ni kujitafutia presha.

Tunataka kuona makumbusho, majengo ya kale, Kariakoo yenyewe, na bahari ya kuogelea. Dogo ameshakariri mabasi ya mwendokasi. Gari hatuna. Wenyeji mnasemaje?

#2 SukariYaGuru
Jamaa yako kasema kweli. Kigamboni ni nchi jirani. Beba pasipoti.

#3 JiraniKibada
Mpuuze #2, huyo hata Feri hajavuka.

Mzee, umepata bahati na hujui. Asubuhi mnapanda daladala ya Kibada–Feri, mnashuka, mnalipa nauli ya kivuko, mnavuka. Mkishuka ng'ambo mko Kivukoni, ndani ya jiji. Soko la samaki liko hapo hapo. Mkishika barabara ya pwani kuelekea Posta, mnakutana na kanisa la Azania Front, kisha St. Joseph, kisha Boma la Kale. Yote hayo kwa miguu, na mnafika kabla mtu wa Mbezi Beach hajatoka Mwenge.

Wanaosema Kigamboni ni mbali ni wale wanaopima kwa gari. Wewe huna gari, kwa hiyo hiyo hesabu haikuhusu.

#4 DogoWaTegeta
#3 anakuficha foleni ya kivuko. Jioni watu wa maofisini wote wanarudi Kigamboni kwa pamoja, unasimama kwenye banda umebanwa na mikoba ya watu. Na mama mkwe humo humo.

Angekuwa na uchaguzi ningemwambia Mbweni au Bunju. Kimya kile kile, halafu Kunduchi iko jirani na boti za kisiwa cha Mbudya zinaondokea huko.

#5 JiraniKibada
Toka Bunju aende Posta leo, na hiyo Barabara ya Bagamoyo inayochimbwa kwa ajili ya mwendokasi. Akifika makumbusho pamefungwa.

#6 MamaShani
Naomba niseme kama mzazi. Kivuko hakina tatizo, tatizo ni dakika ile geti linapofunguliwa. Watu wote wanaondoka kwa mara moja: wenye baiskeli, wenye matenga, mama na ndoo ya dagaa kichwani, na kila mmoja anawahi nafasi ya pembeni penye upepo. Mtoto ashikwe kiganja, siyo begi, maana begi linavuka na mtoto anabaki. Ngojeni wimbi la kwanza lipite, ndiyo mtembee. Chombo hakiwaachi kwa sababu hiyo, na kikiwaacha kinakuja kingine.

Na mzee, msiende asubuhi sana. Ile ya alfajiri ni ya wafanyakazi. Ondokeni nyumbani saa tatu, rudini kabla ya saa tisa au baada ya saa moja usiku.

#7 ChakiNyeupe
Hapo #3 amepita harakaharaka penye utamu, naomba nikae kidogo.

Boma la Kale ni la miaka ya 1866 na 1867, enzi ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Ndiye aliyetaka kuugeuza Mzizima kuwa mji wa biashara wa bara. Akafariki 1870, mji ukalala. Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891 ndipo ukaamka tena. Makanisa hayo mawili ni ya kipindi hicho hicho cha Wajerumani. St. Joseph ilianza kujengwa 1897 ikakamilika 1902.

Ukisimama mbele ya Boma tazama ukuta, ni mawe ya matumbawe. Mwambie mtoto wa darasa la sita aweke kiganja hapo: jengo limetolewa katika bahari ile ile anayoiona mbele yake. Wengi wanaoshuka boti za Zanzibar wanapita upande wa pili wa barabara bila kugeuza shingo.

#8 SukariYaGuru
Mwalimu, uzi ulikuwa wa kutembea, umeugeuza mtihani wa NECTA.

#9 MzeeWaUyole
Mwalimu usimsikilize, endelea. Ila nilisahau kusema jambo. Mama mkwe hapandi chombo cha maji. Hapandi kabisa, hata Ziwa Nyasa tulimwacha ufukweni Matema ameshika viatu vyetu. Kwa hiyo kivuko kwake hakipo.

#10 DogoWaTegeta
Hahahaaa. Kibada imekufa hapo.

#11 FundiTuta
Imekufaje wakati kuna daraja? Daraja la Nyerere, mita 680, tangu 2015 watu wanapita juu. Mama mkwe anapanda gari upande wa Kigamboni anashuka Kurasini, hajalowa hata unyayo.

#12 ChakiNyeupe
Aprili 2016.

#13 FundiTuta
Sawa mwalimu, mwaka mmoja haujalegeza nondo.

#14 BintiWaMagomeni
Daraja ni sawa, ila mzee kasema mwezi wa saba. Maonesho ya Sabasaba yanaanza mwishoni mwa Juni na kuingia hadi katikati ya Julai, na viwanja viko Barabara ya Kilwa. Ukitoka darajani ukaelekea mjini, unaingia kwenye watu hao hao. Jioni ya tarehe 7 yenyewe usithubutu. Ama mwende Sabasaba makusudi, watoto watafurahi, ama mwahi kupita asubuhi.

Kama mnataka kitu cha mwezi huo kisicho na msongamano, njooni kwetu Magomeni. Ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya uhuru, sasa ni makumbusho ndogo. Dogo anapanda mwendokasi Kivukoni, mnashuka Magomeni Mapipa, mnaulizia. Ni nyumba ya kawaida sana ya mtaani, na mimi napenda hapo kuliko majengo yote ya Posta. Unaona kabisa kwamba siasa za nchi zilikuwa zinapikwa sebuleni, majirani wanasikia.

#15 Kipepe_Mtembezi
Kuhusu kulala mjini, mimi nilifanya anavyoshauri jamaa wa kazini. Gesti moja ya katikati, siitaji. Chumba kilikuwa juu ya duka la spika. Kuanzia saa mbili asubuhi wanajaribu spika, saa nne usiku wanapakia mizigo ya mikoani chini ya dirisha. Mke wangu alihesabu mataa ya dari hadi alfajiri. Kuwa karibu na vitu kuna faida moja tu: unarudi chumbani mchana kupumzika. Na hapo ndipo hupumziki.

#16 Kaka_Kivukoni
Umechagua vibaya ndugu, siyo kosa la mji. Upanga kuna mitaa ya miti na kimya, na unatembea kwa miguu mpaka makumbusho. Shida yetu ni kwamba "mjini" tunamaanisha Kariakoo tu.

#17 Kipepe_Mtembezi
Upanga kwa bei gani? Mleta mada analala bure.

#18 Kaka_Kivukoni
Hapo umenibana.

#19 MamaShani
Mzee, neno moja kuhusu makumbusho kabla hamjapotea. Ukimwambia dereva wa bajaji au konda "Makumbusho" peke yake, anakupeleka stendi ya daladala ya Makumbusho, Kijitonyama. Makumbusho ya Taifa iko mtaa wa Shaaban Robert, Posta, karibu na bustani ya mimea. Ya Kijitonyama ni Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili: msonge wa Kihaya, tembe la Kigogo na nyingine. Zote mbili nzuri, ila siyo mahali pamoja, na kati yake kuna foleni ya kutosha kugombanisha ndoa.

#20 DogoWaTegeta
Posta ndiyo yenye fuvu la Zinjanthropus alilovumbua Dkt. Louis Leakey.

#21 ChakiNyeupe
Aliyelikuta ni mkewe, Mary Leakey, Olduvai, Julai 1959. Louis siku hiyo alikuwa amebaki kambini anaumwa. Haki ya mama isipotee hata hapa.

#22 MamaShani
Asante mwalimu. Baba anaumwa, mama anafanya kazi, sifa anapewa baba. Nyumba ngapi hizo.

#23 NahodhaMstaafu
Nimesoma nimecheka. Niongeze la baharini maana naona mnampeleka mgeni Mbudya kama anakwenda dukani.

Mwezi wa saba ni kusi. Asubuhi bahari inaweza kulala kama maziwa mgando, ikifika mchana upepo unapanda na mawimbi yanavunja. Kisiwa cha Bongoyo mnaondokea Msasani, Mbudya mnaondokea Kunduchi, na zote ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio mbali na nauli ya boti. Nendeni na boti ya kwanza, rudini mapema, na mkague maboya kabla hamjakaa. Ukiona mwenye boti anasema "maboya yapo chini huko", mwambie ayatoe uyaone. Mimi niliwahi kupanda ya mtu mmoja, tulipoomba maboya akatoa moja, watu kumi na zaidi. Tulishuka.

Halafu angalieni maji. Maji yakipwa, ufuko wa Kigamboni unakuwa mrefu na watoto wanaokota makombe, lakini kuogelea hakuna, unatembea tu hadi uchoke. Muulizeni mvuvi yeyote saa ya maji kujaa, atawajibu bila kutazama simu.

#24 MzeeWaUyole
Nahodha ahsante sana. Hii ya kusi hakuna aliyenigusia. Na baridi ikoje mwezi huo?

#25 SukariYaGuru
Mtu wa Uyole anauliza baridi ya Dar! Kwenu mwezi wa saba majani yanaganda. Huku mtavaa vesti mkituona sisi na majaketi kwenye daladala.

#26 FundiTuta
Kuna swali nataka kuwauliza wenyeji maana nalifikiria tangu nimeanza kusoma. Kigamboni unasimama Feri unaona maghorofa ya Posta kiasi cha kuhesabu madirisha. Kwa nini bado ni kimya? Tegeta iko mbali mara nyingi zaidi na imejaa hadi mfereji.

Mimi nasema ni tangazo la serikali la Mji Mpya wa Kigamboni, 2008. Watu walizuiwa kujenga wala kuendeleza, miaka ikapita, mji haukuja. Aliyekuwa na pesa akaenda kununua Goba na Madale. Mradi ulipoyeyuka watu walishajenga kwingine.

#27 JiraniKibada
Hilo lina ukweli, ila mimi niliyepo naona ni tozo. Daraja la kulipia kila siku, kwenda na kurudi, hesabu kwa mwezi. Tozo ziliposhushwa 2022 nyumba zimeanza kuota mtaani kwetu kama uyoga. Kimya hicho mzee, kifaidi sasa.

#28 NahodhaMstaafu
Tozo ya juzi hiyo. Kabla ya daraja palikuwa na kivuko tu, na kabla ya vivuko vikubwa watu walivuka kwa vyombo vidogo. Mtu wa bara haamini maji. Ukimwambia mtu wa Moshi au wa Mbeya ajenge mahali ambapo mke akishikwa uchungu usiku lazima avuke bahari, anakushukuru anaondoka. Mama mkwe wa mleta mada ni ushahidi.

#29 BintiWaMagomeni
Mnasahau ardhi yenyewe. Upande ule kuna maeneo ya jeshi, kuna matangi ya mafuta, kuna mashamba ya wenyeji wasiotaka kuuza. Gezaulole ni kijiji cha zamani kabla ya ujamaa na baada yake, babu zao wako pale. Siyo kila pasipojengwa pamekosa mnunuzi.

#30 Kaka_Kivukoni
Nyote mnatafuta sababu kubwa. Mji ulifuata barabara za lami: Morogoro, Bagamoyo, Pugu, Kilwa. Kigamboni haikuwa njiani kwenda popote. Basi.

#31 FundiTuta
Kimbiji siyo popote?

#32 Kaka_Kivukoni
Nani anakwenda Kimbiji na gari la mizigo?

#33 JiraniKibada
Sisi.

#34 MzeeWaUyole
Wakuu ngoja nirudi kwenye yangu. Nimekaa na mke, tumepanga hivi, mnikosoe. Tunabaki Kibada. Siku za wiki mimi na watoto tunavuka kwa kivuko, mama anabaki na mwembe wake au anakuja kwa daraja na mke wangu, tunakutana Posta. Siku moja makumbusho na majengo ya kale. Siku moja mwendokasi mpaka Kimara na kurudi, maana dogo hajali kilichopo Kimara, anataka mlango unavyojifungua. Jumapili Kariakoo, kwa kuwa nimesikia siku hiyo hakuna foleni.

#35 BintiWaMagomeni
Jumapili Kariakoo utaona mabati. Maduka mengi yanafungwa. Nenda Jumatano au Alhamisi asubuhi, na hapo pia msilikose jengo la soko lenyewe. Lile liliungua Julai 2021, lakini kabla hujafikiria moto, tazama juu: mapaa yale ya zege kama miavuli iliyofunguliwa. Alilisanifu Mtanzania, Beda Amuli, miaka ya sabini. Watoto wasidhani kila jengo la maana Dar aliacha Mjerumani.

#36 SukariYaGuru
Jumapili mjini kimya kwa sababu serikali imehamia Dodoma.

#37 Kaka_Kivukoni
Uongo. Nimezaliwa Kisutu, Jumapili Posta ilikuwa kimya tangu mawaziri wote wakiwa hapa. Watu hawaishi Posta, wanafanya kazi Posta.

#38 MamaShani
Waliishi. Nyumba za ghorofa mbili za zamani zilizokuwa na watu juu na duka chini zimebomolewa, yamesimama maghorofa ya ofisi. Ofisi haipiki chakula cha Jumapili.

#39 Kipepe_Mtembezi
Na Coco Beach je? Mji haujakufa Jumapili, umehamia pale. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022 ndiyo kabisa, unatoka Aga Khan unatokea Coco. Mzee, Jumapili peleka familia pale jioni: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, mishikaki, watoto wanakimbia mchangani. Maji yakiwa yamejaa tazameni tu, msiingie, kuna mawe chini.

#40 DogoWaTegeta
Mihogo ya Coco imekuwa bei ya samaki.

#41 NahodhaMstaafu
Basi ale samaki. Soko la Feri, upande wa wakaangaji. Unanunua changu au kibua kwenye mnada au kwa wale wenye meza, unampa kijana apae magamba na kutoa matumbo, unampelekea mama mwenye kikaango. Kikaango chenyewe ni kipana kuliko meza ya shule, kuni chini, moshi unakuingia hadi kwenye shati, na samaki wako anatambuliwa kwa alama za kisu ulizoomba akatwe. Mwambie akate mara tatu, wengine wanakatiwa mara mbili. La sivyo unaletewa wa mwenzako mdogo.

Nendeni asubuhi. Mchana jua na harufu mama mkwe hatawasamehe.

#42 MzeeWaUyole
Kukata mara tatu. Hii nimeiandika.

#43 FundiTuta
Kwa siku ya kupumzika bahari, wapelekeni Pugu. Msitu, vilima, mapango yaliyochimbwa udongo mweupe, popo kibao. Na treni ya SGR inasimama Pugu, dogo atasahau mwendokasi. Ile ya Morogoro ilianza Juni 2024 kwa nauli ya 13,000, unaweza hata kwenda na kurudi siku moja.

#44 ChakiNyeupe
Pugu pia ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha mpaka 1955, alipoacha kazi ili ashike TANU. Ila ukivuka kidogo tu uko Kisarawe, na huo ni Mkoa wa Pwani, tusimhesabie mgeni kuwa ameona Dar.

#45 FundiTuta
Mwalimu, popo wanajua mpaka wa mkoa?

#46 Kaka_Kivukoni
Halafu kutoka Kibada mpaka Pugu bila gari ni safari ya kufunga mizigo. Mpe mtu ushauri unaotembea.

#47 JiraniKibada
Mzee, siku ya bahari bakini huku huku. Mjimwema na Kipepeo mko jirani kwa bajaji, na mama mkwe hahitaji kuvuka kitu. Mkifika Kibada uliza kijana wa bajaji anayekaa chini ya mkorosho karibu na stendi, patana naye kwa siku nzima, siyo kwa safari. Na usikubali bei ya kwanza akisikia lafudhi ya Mbeya.

#48 SukariYaGuru
Lafudhi ataificha wapi?

#49 MzeeWaUyole
Nitamwachia mama mkwe apatane, hajawahi kushindwa sokoni Mwanjelwa. Ahsanteni wote. Mke anauliza swali la mwisho: tukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis jioni na mizigo, tunafikaje Kibada bila kupita majini?

#50 DogoWaTegeta
Kodi gari nzima mpite darajani, mgawane na abiria mwingine wa Kigamboni.

#51 BintiWaMagomeni
Jioni? Mandela yote imesimama. Kaeni stendi mle kwanza, muondoke saa tatu usiku.

#52 JiraniKibada
Njooni na basi la usiku linaloingia alfajiri, mtapita kabla watu hawajaamka. Mkifika getini kwa shemeji, mbwa ni mkali kwa kelele tu. Na mchele wa Kyela kilo tano za jirani msisahau.

#53 SukariYaGuru
Na mimi tano. Nitavuka kuja kuchukua.

#54 JiraniKibada
Pasipoti unayo?